Gharama ya Kukosea: Malungu ya Ufipa na Ugumu wa Kuunda Vitu vya Chuma

Utangulizi

Msafiri atokaye Sumbawanga mjini kwenda Kaoze huanza safari yake juu ya uwanda wa Ufipa, penye baridi na nyasi fupi, kisha hushuka ukingo mkali wa Bonde la Ufa kwa kona nyingi hadi kwenye joto la bonde la Ziwa Rukwa. Ziwa liko takribani mita 800 juu ya usawa wa bahari, ilhali sehemu kubwa ya uwanda iko juu ya mita 1,500. Chuma kinachotumika Kaoze leo, kuanzia jembe la mkono hadi bolti ya plau, huletwa kutoka nje ya bonde. Kisipoletwa, kazi husimama.

Mwandishi wa makala haya aliliona jambo hilo kwa macho yake kabla ya kuanza masomo ya uzamili, alipokuwa akifundisha somo la historia katika shule ya sekondari ya bondeni. Kwa kuwa hakukuwa na mwalimu mwingine aliyejitolea, alikabidhiwa pia klabu ya sayansi. Wanafunzi walikusudia kuunda roboti ndogo ya kupanda mahindi: mota mbili zilizotolewa kwenye redio mbovu za kaseti, magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili, betri ya pikipiki, na kibao cha saketi kilichonunuliwa kwa mchango wa walimu. Programu ya kuiongoza iliandikwa na kufutwa mara nyingi katika jioni moja, na kila kosa lilirekebishwa kwa dakika chache. Kisha mwanafunzi mmoja akageuza nyaya za betri. Kibao kiliungua kwa harufu ambayo mwandishi anaikumbuka mpaka leo. Kingine kilichoagizwa kutoka Dar es Salaam kilifika baada ya wiki tano, nacho kilikuwa cha aina nyingine. Wakati huo mitihani ilikuwa imekaribia, na mashine ikabaki juu ya kabati.

Tofauti baina ya makosa hayo mawili, lile la programu na lile la nyaya, ndiyo iliyozaa swali la makala haya. Kwa nini kuunda kitu kinachoshikika kwa mkono ni kugumu kuliko inavyoonekana kwenye mchoro, hata mahali penye watu werevu na wenye bidii? Jibu la kawaida husema kwamba nchi zetu zimechelewa kwa sababu hazina mapokeo ya kiufundi. Kwa Ufipa jibu hilo si kweli, na linaweza kukanushwa kwa ushahidi ambao bado umesimama mashambani. Hoja ya makala haya ni kwamba ufundi wa chuma wa Ufipa uliishi kadiri jamii ilivyoweza kuzibeba gharama za kukosea, na kwamba ulikoma gharama hizo zilipokosa mbebaji. Maarifa yenyewe yalikuwapo bado.

Tanuri lisilo na mivukuto

Tanuri kubwa la kuyeyushia chuma huitwa kwa Kifipa ilungu, kwa wingi malungu. Ni mnara wa udongo wenye umbo la pia iliyokatwa ncha, mrefu kuliko mtu, na mengine hukaribia mita tatu au huzidi. Kuzunguka kitako chake kuna matundu ambamo mirija ya udongo wa kuchoma ilipangwa ili kupitisha hewa, pamoja na mlango mpana zaidi wa kutolea kilichopatikana. Udongo uliopendwa ni ule wa vichuguu, kwa sababu hustahimili moto mkali bila kupasuka upesi. Malungu mengi yangali yamesimama, mengine yakiwa yamemea nyasi ndani, mengine yakiwa katikati ya mashamba ya mahindi ambapo mkulima huyazunguka anapolima.

Jambo linalolitofautisha ilungu na matanuri mengi ya Afrika Mashariki ni kwamba halikuhitaji mivukuto. Urefu wake uliliwezesha kufanya kazi kama dohani: hewa ya moto ilipanda, na hewa baridi ikavutwa yenyewe kupitia mirija ya chini. Hivyo hapakuhitajika vijana wa kuvuta mivukuto kwa zamu usiku na mchana. Hata hivyo, unafuu huo ulilipiwa kwingine. Tanuri la namna hii huwaka polepole, kwa siku kadhaa, na hula makaa na kuni nyingi kuliko tanuri dogo la mivukuto. Tukikumbuka kwamba uwanda wa Ufipa kwa sehemu kubwa ni nchi ya nyasi yenye miti michache, tunaona kwamba mafundi walichagua kuokoa nguvu za watu na kutumia kuni, katika nchi ambayo kuni zenyewe hazikuwa nyingi. Mwandishi haoni kwamba lilikuwa kosa. Watu ndio waliokuwa adimu zaidi, hasa katika majira ambayo kila mkono ulitakiwa shambani.

Ni vema kueleza kinachotokea ndani ya tanuri, kwa kuwa neno "kuyeyusha" hupotosha kidogo. Chuma safi huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzijoto 1,500 za Selsiasi, na ilungu halikukusudiwa kufikia hapo. Makaa yanapoungua kwa hewa pungufu hutoa monoksidi ya kaboni, na hewa hiyo hunyang'anya oksijeni iliyomo kwenye mtapo. Takataka za mawe huyeyuka na kutiririka, nayo huitwa mavi ya chuma. Chuma chenyewe hubaki kigumu, kikishikana taratibu kuwa donge lenye matundu. Hewa ikizidi, chuma kilichokwisha kupatikana hurudia kuwa kutu na kupotea ndani ya mavi. Joto likipungua, mavi hayatiririki na donge halijitengi. Kwa hiyo fundi alitakiwa kuongoza mambo matatu asiyoweza kuyaona, yaani hewa, joto na muda, kwa kutazama rangi ya moto kwenye matundu, kusikiliza na kunusa.

Donge lililotoka kwenye ilungu halikuwa tayari kufuliwa. Lilikuwa chafu mno. Ndipo ilipokuja hatua ya pili: vipande vya donge vilivunjwa, vikachaguliwa, vikatiwa tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, ambalo lilitumia mivukuto. Huko chuma kilitakaswa na kushikamana. Hatua ya tatu ilikuwa ya mhunzi, penye fuawe na nyundo. Jembe moja, basi, lilipita katika mioto mitatu.

Haya yote tunayafahamu kwa sababu kazi hiyo iliandikwa mapema. Wyckaert, mmisionari wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alichapisha mwaka 1914 maelezo ya wahunzi wa eneo la Tanganyika. Greig aliandika juu ya uyeyushaji wa Ufipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, na Wise akalirudia jambo hilo katika jarida lilelile mwaka 1958, safari hii akitilia mkazo miiko. Katika miaka ya 1990 wakaja wanaakiolojia, Randi Barndon na Bertram Mapunda. Tasnifu ya Mapunda ya mwaka 1995 ilionyesha kwamba ilungu halikuwa teknolojia pekee ya eneo hili: kulikuwa pia na aina ndogo zaidi iitwayo katukutu, upande wa Ziwa Tanganyika, ambayo haikuacha kumbukumbu kama malungu. Kwa mtu anayefikiri kwamba ufundi wa kimapokeo ulikuwa kitu kimoja kisichobadilika, ugunduzi huo unatosha kumfanya afikiri upya. Mafundi wa kale nao walikuwa na mifumo iliyoshindana, na mmojawapo ulisahauliwa.

Miiko na hesabu ya hasara

Waandishi wa enzi ya ukoloni waliandika kurasa nyingi juu ya miiko ya malungu: tanuri kuchukuliwa kama bibi harusi, wafanyakazi kujitenga na wake zao wakati wa kazi, na dawa zilizotunzwa katika kifurushi cha fundi mkuu, kiitwacho intangala. Wengi wao waliyaona hayo kuwa ushirikina uliogandamana na ufundi. Baadhi ya waandishi wa baadaye wakaenda upande wa pili, wakaieleza miiko yote kama mbinu za usimamizi zilizovishwa vazi la dini. Mwandishi wa makala haya hakubaliani na upande wowote kikamilifu. Kumwambia Mfipa wa wakati ule kwamba dawa zake zilikuwa njia tu ya kupanga wafanyakazi kungekuwa kumvunjia heshima, maana yeye aliona tanuri linazaa, na uzazi una mambo yake.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo miiko hiyo inalithibitisha bila shaka: hofu ya kushindwa ilikuwa kubwa, na ilikuwa na msingi. Tufanye hesabu ya kazi moja bila kutaja tarakimu. Watu walichimba mtapo na kuubeba. Wengine walikata miti, wakaichoma kuwa makaa kwa siku nyingi. Wengine walifinyanga mirija na kuikausha. Tanuri lilijengwa au la zamani likakarabatiwa. Haya yalifanyika kiangazi, kwa sababu mvua ikianza udongo haukauki na watu wanatakiwa shambani. Kisha moto ukawashwa mara moja. Kama donge halikupatikana, mtapo ulikuwa umeharibika, makaa yalikuwa majivu, mirija ilikuwa imeungua, na kiangazi kilikuwa kimepungua. Hapakuwa na njia ya kurudi nyuma hatua moja na kurekebisha, kama walivyofanya wanafunzi wa Kaoze na programu yao.

Ukubwa wa tatizo hili unaonekana pia Buhaya, upande wa pili wa nchi. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kushiriki uyeyushaji ujanani wairudie kazi hiyo. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu walipoiacha. Wazee walikumbuka majina, nyimbo, umbo la tanuri na mpangilio wa mirija, lakini majaribio ya mwanzo hayakwenda vizuri, na ilibidi wabadilishe hili na lile, jaribio baada ya jaribio, mpaka mikono ikakumbuka. Matokeo yao yaliposifiwa duniani baada ya makala ya Schmidt na Avery katika jarida la Science mwaka 1978, sifa zilikwenda kwa ukale wa ufundi. Kwa maoni ya mwandishi, kilichostahili kusifiwa zaidi ni zile mara ambazo hawakufanikiwa, na kwamba mara hii kulikuwa na mtu wa kuzilipia.

Nani aliyezilipia Ufipa kabla ya ukoloni? Sehemu ya jibu imo katika kilimo. Wafipa wanajulikana kwa intumba, yaani vilima vya udongo vilivyofukiwa nyasi ndani ili zioze na kuwa mbolea. Kilimo hicho hakikutegemea kuhamahama na kuchoma misitu, lakini kilidai jembe pana na imara la kupindua nyasi zenye mizizi iliyoshikana. Kila kaya ilihitaji jembe, na jembe lililisha kaya. Majembe pia yalitoka Ufipa kwenda kwa majirani. Hivyo fundi aliyeshindwa kiangazi hiki alijua kwamba kiangazi kijacho watu watakuja tena kumtafuta, na ndugu waliombebea makaa walikuwa na sababu ya kubeba tena. Hasara iligawanywa katika mikono mingi na katika miaka mingi.

Jembe lililokuja kwa meli

Simulizi iliyoenea inasema kwamba jembe la Ulaya liliua jembe la Mfipa. Simulizi hiyo ina nguvu, na ilipewa nguvu zaidi na usomi uliostawi Dar es Salaam katika miaka ya 1970, kuanzia kitabu cha Walter Rodney cha mwaka 1972 hadi kile cha Helge Kjekshus cha mwaka 1977, kilichotaja viwanda vya chuma, chumvi na nguo vya kabla ya ukoloni. Bonde la Rukwa lenyewe, ambamo Kaoze imo, lilikuwa nchi ya pamba na ya wafumaji. Kitambaa chao nacho kilikutana na merikani ya dukani kwa namna ileile.

Mwandishi anaikubali simulizi hiyo kwa nusu. Bei ya jembe la kiwandani ilikuwa jambo kubwa, lakini bei peke yake haielezi kwa nini Greig mwaka 1937 bado aliweza kuandika juu ya malungu, miongo kadhaa baada ya Wajerumani kujenga boma lao Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, na baada ya majembe ya nje kuingia. Kama jembe la meli lingekuwa bora na rahisi kabisa, malungu yangezimika upesi zaidi. Kilichobadilika taratibu ni mgawanyo wa hasara. Kodi ilidai fedha taslimu kila mwaka, na fedha ilipatikana mbali: kwenye mashamba ya mkonge, na baadaye kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya. Vijana waliotakiwa kubeba makaa walikuwa safarini wakati wa kiangazi, yaani wakati uleule wa tanuri. Mhunzi, kwa upande wake, aligundua kwamba chuma chakavu kilikuwa kimekwisha kupita katika moto wa kwanza na wa pili. Yeye alibakiwa na ule wa tatu tu. Springi ya gari haihitaji mtapo, wala makaa ya siku kadhaa, wala kifurushi cha dawa. Ukitazama kwa macho ya mhunzi, lilikuwa chaguo la busara. Ila kwa chaguo hilo, mioto miwili ya mwanzo ilikosa sababu ya kuwashwa, na waliojua kuisoma rangi yake wakazeeka bila wanafunzi.

Ndiyo maana uhunzi haukufa Ufipa. Kilichokufa ni uyeyushaji. Tofauti hii hupotea mara kwa mara katika maandishi yetu, ilhali ndiyo yenye fundisho kwa historia ya teknolojia: mnyororo wa uzalishaji haukatiki wote kwa pamoja, hukatikia pale penye hasara kubwa zaidi ya kukosea.

Baada ya Uhuru

Serikali huru ililiona tatizo la jembe mapema. Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, kilijengwa kwa msaada wa China, na majembe yake yakawafikia wakulima wa nchi nzima. SIDO ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, TEMDO mwaka 1980, CAMARTEC mwaka 1981. Mkoa wa Rukwa, uliozaliwa mwaka 1974, ukawa mmoja wa mikoa minne iliyotegemewa kwa mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Lakini chuma cha Ubungo kilitoka ng'ambo. Fedha za kigeni zilipoadimika baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakulima wa Rukwa walijikuta wakisubiri jembe kwa sababu ambayo babu zao wasingeielewa: nchi ilikuwa na wafuaji, mashine na mahitaji, lakini haikuwa na moto wa kwanza. Chuma cha Liganga, katika Wilaya ya Ludewa, kimejulikana na wanajiolojia kwa miongo mingi, na mkataba wa kukichimba ulitiwa saini mwaka 2011. Mtapo wake una titani, jambo linaloufanya uwe mgumu kuyeyushwa kwa njia za kawaida. Fundi wa ilungu angeelewa mara moja: mawe si mawe tu.

Historia ya magari ya eneo letu inaonyesha hali ileile katika sura nyingine. Nyumbu, kituo cha jeshi huko Kibaha, kiliunda magari ya mfano. Kenya iliunda magari ya Nyayo Pioneer yaliyozinduliwa mwaka 1990, na mpango ukaishia kwenye magari ya mfano. Uganda ilionyesha gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011. Katika visa hivi vyote ubunifu ulionekana, na sherehe ilifanyika. Umbali baina ya gari la kwanza na la elfu moja ndio uliokuwa mgumu, na umbali huo una makosa mengi yanayolipiwa kwa fedha: kalibu iliyokatwa vibaya, bolti zisizolingana, rangi inayobanduka, mtambo unaosimama kwa kukosa beringi moja. Mara nyingi bajeti huandikwa kana kwamba makosa hayo hayatatokea. Kisha yanapotokea huitwa uzembe.

Kwa wanaounda roboti na vifaa vya kielektroniki leo, mambo yana wepesi na uzito wake. Wepesi ni kwamba sehemu ya akili ya mashine, yaani programu, inaweza kukosewa mara mia kwa gharama ndogo. Uzito ni kwamba sehemu inayobaki ni ya kimalungu kabisa: mota, gia, betri, vumbi la bondeni, na safari ya kibao kimoja kutoka bandarini hadi chini ya mteremko. Mwanafunzi anayejifunza katika jiji lenye maduka ya vipuri hukosea asubuhi na kurekebisha jioni. Yule wa Kaoze hukosea muhula huu na kurekebisha muhula ujao. Ukiwapa werevu sawa na mwaka mmoja, wa kwanza atakuwa amekosea mara mia mbili na wa pili mara tatu, na matokeo yao tutayaita kipaji.

Tulipoondoka shuleni hapo, mwandishi aliikuta ile mashine ikiwa bado juu ya kabati. Kibao cha aina nyingine kilikuwa pembeni yake ndani ya bahasha, na juu ya bahasha wanafunzi walikuwa wameandika orodha ya waya ipi iliungua na kwa nini, pamoja na mchoro wa betri wenye alama ya jumlisha iliyokolezwa mara tatu. Katika maandishi yote ya Ufipa ambayo mwandishi amesoma tangu hapo, kuanzia Wyckaert hadi Mapunda, hajakutana na karatasi ya namna hiyo kutoka kwa fundi mwenyewe wa ilungu. Kilichobaki mahali pake ni marundo ya mavi ya chuma kando ya matanuri. Watafiti huyapima maabara ili kujua joto lilifika wapi na chuma kiasi gani kilipotelea ndani, na kila rundo ni rekodi ya kazi zilizofaulu na zilizoshindwa, zikiwa zimechanganyika bila majina.